Tuta Lililotazama Mto

Baba alianza kuchimba handaki siku ya tatu baada ya choo chetu kuingia mtoni. Kilikwenda mchana kweupe, mlango wa bati na kila kitu, dakika chache baada ya mpangaji wa jirani kutoka humo, na watu wa mtaani wakacheka wiki nzima. Sisi wa bondeni Manzese tumezoea kucheka mambo ya namna hiyo. Mimi sikucheka. Nilisimama ukingoni nikahesabu hatua kutoka pale udongo ulipokatika hadi ukuta wa chumba alicholala mama. Zilikuwa kumi na moja. Nilipokuwa msichana tulicheza rede kwenye uwanja ule ule, na mpira ulikuwa hauufikii mto hata ukirushwa kwa nguvu.

Mama alikuwa amepooza upande wa kulia. Kiharusi kilimpiga akiwa anachambua mchele, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kugeuzwa, kulishwa na kuogeshwa. Akili yake ilikuwa nzima na maneno machache yalikuwa yakitoka, lakini miguu haikuwepo tena. Nyumba ile ikienda, sisi tungekimbia, yeye angebaki kitandani akiangalia dari. Nilikuwa nikilala na wazo hilo na kuamka nalo, nikaenda nalo kazini na kurudi nalo, mpaka chakula kikawa hakipiti.

Kazi yangu ni kushona vitambaa vya makochi, Keko. Nina cherehani yangu nje ya karakana ya mafundi seremala, na nina chumba cha kupanga karibu na hapo, kimejengwa juu ya msingi mrefu, maji hayajawahi kukifikia. Nilikuwa nakitumia kuwekea majora ya vitambaa tu, kwa sababu tangu mama augue nilikuwa nalala Manzese. Nilitaka kuwahamishia huko wote wawili kabla ya masika. Nilishasogeza majora, nikanunua na godoro.

"Mie siendi kokote," baba alisema. "Na mke wangu haendi."

"Baba, mto unakula uwanja."

"Nimeuona. Umenizaa wewe au nimekuzaa mie? Nimeuona kabla yako."

Hapa lazima nimwelezee. Baba ni mtu wa Newala, aliyeingia jeshini akiwa kijana na kupigana vita vya Uganda. Hakuwa wa kurusha mizinga. Alikuwa askari wa uhandisi wa medani, wale wanaotangulia kuchimba na kujenga ili wenzao wapate pa kupita na pa kujificha. Baada ya jeshi alilinda maghala, na baada ya maghala akakaa barazani na redio, akazeeka. Mama alipougua alizeeka mara mbili. Lakini asubuhi ile nilimkuta ameshika sururu, amevua shati, ameshapigilia vigingi vya mti ardhini na kufunga kamba. Kamba haikwenda moja kwa moja. Ilikwenda hatua nne, ikakunja kona, ikaenda tena, ikakunja tena.

Nilimuuliza kwa nini handaki haliwi moja kwa moja, angalau amalize haraka.

"Handaki lililonyooka ni kaburi la wengi," alisema bila kuacha kuchimba. "Bomu likianguka humo, linasafisha wote. Adui akifika mwisho wa mstari na bunduki moja, anawamaliza. Ukikunja kona, kinachoua hapa hakimfikii wa pale."

"Na mto nao una bunduki?"

"Mto una nguvu ya kusukuma. Tuta nitakalolipanga kwa udongo huu, likikunjwa, halisukumwi kirahisi. Niletee mabanzi."

Keko mabanzi hayana shida. Ni yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa, watu wanachukua ya kupikia. Nilimletea mzigo baada ya mzigo kwa guta la magurudumu matatu, naye akayasimamisha kwenye kuta za handaki ili udongo usibomoke. Kisha akataka viroba vya kujaza udongo na kupanga juu ya tuta. Vya salfeti peke yake haviwezi, alisema, jua linavila, kwa hiyo nilivitia nguo ya pili kwa masalia ya vitambaa vya makochi. Nilishona viroba mia na zaidi, vingine vya rangi ya damu ya mzee vyenye maua ya dhahabu, vingine vya bluu vyenye mistari. Alinifundisha visijazwe pomoni, robo iachwe wazi ili kiroba kikilala kikae. Mdomo ukunjwe uende chini, mshono utazame ndani, na vipangwe kama matofali, cha juu kikalie maungio ya viwili vya chini. Aliukagua kila mshono. Mimi ambaye wateja wa Masaki wananisubiri wiki mbili, nilifumuliwa viroba sita nikashona upya.

Mtaani walisema mzee ameweka makochi mtoni ili mamba wapumzike. Mwalimu mstaafu, jirani yetu wa upande wa juu, mtu wa bara, mstaarabu sana, alikuja kupima tuta kwa macho akasema kwamba kwa kweli mzee mwenzake amefanya kazi ya kiume. Yeye alikuwa ameshajiokoa kwa njia yake. Alimwaga kifusi malori mangapi sijui, akainua kiwanja chake, akakisakafia chote kwa saruji. Wenzake wa juu nao walifanya hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine.

Jioni, kabla ya swala, tulikuwa tukimtoa mama kwa kiti cha plastiki, tukimketisha mlangoni atazame. Mlango wetu unaangalia mto. Hapo ndipo baba alipokuwa akitoa somo, na nakiri kwamba zile jioni zilikuwa nzuri, ingawa najisikia vibaya kusema hivyo. Alieleza kwamba mwanzo ilikuwa kila askari na kijishimo chake, cha kulalia tumbo, kwa sababu risasi zilikuwa zikija usawa wa macho. Kisha mashimo yakaunganishwa, yakawa marefu hadi mtu akasimama humo na kutembea. Kisha ikaja mizinga ya kurusha juu, wakaongeza magogo na udongo kuwa paa, na wakachimba vijumba ubavuni mwa ukuta. Humo alilala yeye miezi kadhaa, magoti yakigusa kidevu. Waya wa miiba ukatangulizwa mbele. Mtaro mdogo ukawekwa sakafuni wa kutoa maji, kwa kuwa askari wengi huozea miguu kabla hawajamwona adui.

"Handaki linafuata kifo," alisema. "Unatazama kifo kinatokea wapi, halafu unachimba."

Nilimwonyesha kwenye simu yangu video za vita vya sasa hivi huko Ulaya, mahandaki marefu yenye matope, na zile droni zinazoelea juu, zinamtafuta mtu mmoja mmoja mpaka ndani ya shimo. Aliitazama ile simu muda mrefu. Alinirudishia, akaitaka tena.

"Hicho kinaona," alisema polepole. "Sie tulikuwa na kona na paa. Hicho kinapiga kona na kinaingia mlangoni." Akanirudishia simu. "Wale vijana wamekwisha. Wamechimba handaki la babu zao, na adui ni wa leo."

Mama aliguna, akasema neno lake, "Maskini."

Mimi nikauliza, kwa uchokozi tu, "Na nyuma, baba? Mbele mmeziba, ubavuni mmekunja, juu mmefunika. Nyuma mnaweka nini?"

Alinitazama kwa mshangao. "Nyuma kuna wenzako," alisema.

Basi tuta lilikuwa upande wa mto. Udongo wote uliotoka shimoni ulitupwa huko, kama askari anavyotupa udongo upande wa adui, na viroba vikapangwa juu yake hadi kufikia kifua changu. Handaki lilikaa katikati ya tuta na nyumba. Ncha mbili za tuta zilikwenda kuungana na kuta za majirani, huku na huku, kwa ufundi ambao hata mafundi ujenzi walikuja kuusifu. Upande wa nyuma ya nyumba, kwenye kichochoro kinachoshuka kutoka barabarani, hakukuwa na kitu. Huko kulikuwa na wenzetu.

Mvua ya kwanza ilikuwa ndogo, ya nusu saa. Nilirudi kutoka Keko nikakuta uwanja wetu una maji ya kufunika vidole, na handaki limejaa hadi nusu. Mto ulikuwa mbali kabisa, umelala zake. Nilitafuta maji yalikotoka nikaona mfereji mwembamba, mwekundu, unashuka kichochoroni kutoka kwenye zile saruji za majirani na kuzunguka kona ya nyumba yetu. Zamani yangepita uwanjani yakaenda mtoni. Sasa yalifika kwenye tuta yakasimama.

"Baba, maji hayatoki."

"Yatanyonywa na ardhi."

"Na yakiwa mengi? Ulisema handaki huwekewa mtaro."

"Mtaro wa kupeleka wapi? Kwa adui?" Alicheka. "Nikitoboa tuta nimemfungulia mlango. Hayo ya kumwagilia mchicha, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Niliingia ndani nikambadilisha mama.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Keko wananijua. Seremala akiniletea kochi ambalo miguu yake haijakaa sawa, sauti yangu inafika barabarani. Nimewahi kugombana na mwenye karakana mwenye ndevu zake mpaka akaomba radhi mbele ya wateja. Jioni ile nilisema mara moja, nikafyata ulimi. Nimejiuliza kwa nini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ni kweli kwamba baba alikuwa amefufuka, anakula, anatania, anamwita mama kwa jina la utani la ujana wao, na sikutaka kumzima. Hilo ndilo nililowaambia watu msibani. Lingine sikulisema. Kama tungehamia Keko naye akagoma, mzigo wa mama ungekuwa wangu peke yangu usiku na mchana, na nilikuwa nimechoka. Lile tuta lilinipa ruhusa ya kungoja. Nililalia godoro jipya peke yangu siku mbili tatu za kazi nyingi, nikasikia raha, Mungu anisamehe.

Masika ilipoanza kweli, ilinyesha tangu alfajiri bila kupumua. Saa tatu asubuhi nilikuwa bado nyumbani, nimeshika mwavuli nikijua hakuna mteja. Mto ulikuwa umepanda. Ulipita na matairi, na matawi, na friji moja iliyokuwa ikizunguka zunguka. Ulifika kwenye tuta. Baba alikuwa amesimama juu ya viroba, koti la mvua la jeshini limemganda mwilini, na maji yakawa yanapiga maua yale ya dhahabu na kurudi.

"Linashika!" alipiga kelele. "Mwanangu, linashika!"

Lilishika kweli. Nilifurahi, nikapiga vigelegele peke yangu kwenye mvua kama mwehu. Vilinikauka mdomoni nilipohisi ubaridi nyuma ya magoti. Niligeuka. Kichochoro chote kilikuwa mto wa pili, mwekundu, unashuka na takataka za barabarani, unagawanyika kwenye kona ya nyumba na kuingia uwanjani kutoka pande zote mbili. Handaki halikuonekana tena. Kati ya nyumba na tuta palikuwa bwawa.

"Baba, toboa!"

Hakunisikia. Alikuwa ameupa mgongo uwanja mzima.

Nilikanyaga ubao uliokuwa juu ya handaki, nikiutafuta kwa mguu, nikapanda tuta, nikamshika koti. Alipogeuka na kuona, uso wake ulibadilika mbele yangu. Nilinyakua sepetu. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Mto uko juu kuliko uwanja," alisema. "Ukikata hapa, wote unaingia."

"Na tusipokata?"

Alitazama mto, akatazama uwanja. Mzee aliyechimba mahandaki chini ya mizinga alisimama kwenye tuta lake, hakuuachia mkono wangu. Mimi nikamfokea. Nilimwambia yote, tuta, ukaidi, Keko, godoro, nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, naye akanijibu, na tukavutana ile sepetu kama watoto wanaogombea mua. Sijui tulivutana muda gani. Kilichotushtua ni sauti ya mwalimu kutoka mlangoni.

"Mama yupo wapi? Jamani, mama yupo wapi?"

Tulikuwa tumemsahau. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tuligombania tuta wakati mama amelala majini.

Godoro lilikuwa limeanza kuelea. Maji yalikuwa yamemfika mabegani, na mkono wake mmoja mzima ulikuwa umeshika chuma cha dirisha, umeshikilia hadi vidole vimekuwa vyeupe. Hakuwa akilia. Alinitazama nilipoingia, akamtazama baba nyuma yangu, akafumba macho. Mwalimu alikuwa ameshang'oa mlango wa chumba. Tulimlaza juu yake, wanaume wakashika mbele na nyuma, mimi nikashika kichwa chake kisizame, tukapanda naye kichochoro kwa kupambana na maji mpaka kwenye ile saruji ya mwalimu, pakavu. Nyuma yetu kulisikika kishindo. Handaki lilikuwa limenyonya maji hadi kwenye msingi, na ukuta wa chumba cha mama ukalala humo wote.

Mvua ilipoisha, mto ulirudi chini, na watu walikuja kutazama. Nyumba ilikuwa imeanguka nusu. Tuta lilikuwa limesimama zima, halijapoteza kiroba hata kimoja. Safari hii hakuna aliyecheka.

Mama alifika Keko hatimaye. Alilala kwenye godoro jipya siku mbili, kifua kikambana, tukampeleka hospitali, na siku ya tano akafariki, adhuhuri, baba akiwa ameshika ule mkono mzima. Daktari alisema ni mapafu. Hakuuliza yaliingiaje baridi.

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Nilibaki ndani na wenzangu, na habari za huko aliniletea mwalimu, ambaye aliwasindikiza ingawa si dini yake. Alisema baba hakulia. Kabla ya kuzika aliomba kushuka kaburini mwenyewe, watu wakamsaidia. Alipapasa kuta kwa viganja, akaupapasa na mwanandani, ule ubavu anamolazwa maiti. Kisha akiwa bado mle ndani akainua uso na kuwauliza wachimbaji, mvua ikinyesha hapa, maji yanatokea upande gani na yanakwenda wapi? Vijana walitazamana. Mmoja akamjibu kwamba kuna mwinuko, yanapita kule, hayagusi. Akauliza tena. Akajibiwa tena. Ndipo akatoka.

Sasa anaishi na mimi Keko, katikati ya majora ya vitambaa. Hatoki sana. Kiti chake amekiegemeza ukutani, na mara nyingine nikirudi namkuta amekigeuza, anautazama ukuta wenyewe. Namsalimia shikamoo, ananiitikia. Juzi nilikuwa nakunja kanga za mama ili nizigawe, siku za msiba wake zimeshapita, akaniangalia muda mrefu.

"Ile mvua ya kwanza," alisema, "ulisema maji hayatoki."

"Nilisema, baba."

"Ukanyamaza."

Kanga niliyokuwa nimeishika ilikuwa ya maua ya bluu, imechakaa pindo.

"Wewe," alisema, na hakukuwa na hasira ndani yake hata kidogo, ingekuwepo ningeshukuru. "Mtaa wote huu nakusikia unavyowafokea watu kwa ajili ya mguu wa kochi. Mie mbona ulininyamazia?"

Niliikunja ile kanga, nikaikunjua, nikaikunja tena. Alikuwa bado anangoja.